Mlango wa Kutokea: Historia Fupi ya Nyumba za Malezi Kusini mwa Ziwa

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukifika Usagara unakata kulia kuelekea Kigongo. Hapo unaingia Bukumbi. Wasafiri wengi hulipita eneo hilo mawazo yakiwa mbele, kwenye daraja la kuvukia kwenda Busisi, Sengerema na Geita. Zamani walikuwa na haraka ya kuwahi kivuko. Mimi Bukumbi niliifahamu kwanza kwenye karatasi. Nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, jina hilo lilinijia mara mbili, katika zama zilizoachana kwa takribani karne nzima. Mara ya kwanza lilikuwa katika masimulizi ya wamisionari wa mwaka 1883, waliofika hapo na kundi la watoto yatima. Mara ya pili lilikuwa katika orodha ya makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali, wilayani Misungwi.

Eneo lile lile, kazi ile ile: kuwapa paa watu ambao ukoo haupo kuwapa. Kutoka hapo nikaanza kujiuliza swali ambalo limekataa kuniacha. Tunapozungumza kuhusu usalama na ubora wa nyumba za malezi, tunataja vitanda, vyoo, chakula, dawa na idadi ya walezi. Hayo ni ya lazima, na kila anayeyapuuza anahatarisha maisha ya watu. Lakini historia ya pwani hii ya ziwa inauliza jambo la ziada: nyumba hii ilijengwa kumlinda nani, dhidi ya nini, na mtu huyo alitarajiwa kutoka lini?

*

Tuanze na watoto wa 1883. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika kusini mwa ziwa mwishoni mwa 1878, katika bandari ndogo ya Kageye. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata baadhi yao wakavuka maji kwenda Buganda. Huko, pamoja na kufundisha dini, walikuwa wakinunua watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa na kuwalea. Mwishoni mwa 1882, hali ya siasa katika ikulu ya Kabaka Mutesa ilipowatisha, wakaamua kuondoka. Waliwapakia watoto wao kwenye mitumbwi, wakateremka kusini, na mwaka 1883 wakapata makazi Bukumbi. Ndiyo misheni kongwe ya Kikatoliki katika upande huu wa ziwa, na ndiyo nyumba ya kwanza ya malezi ninayoifahamu katika mkoa ambao leo tunauita Mwanza.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama hadithi ya ukombozi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Mtoto aliyekuwa na bei sokoni sasa alikuwa na jina, chakula na mahali pa kulala. Lakini mtoto huyo huyo alivushwa ziwa bila kuulizwa. Kwao alikotekwa pengine hapakujulikana, na kila mwaka uliopita ulizidi kupafuta. Mpango wa mapadre, kwa Bukumbi na kwa misheni zao za Ziwa Tanganyika kama Karema, ulikuwa kwamba watoto hao wakikua waoane wao kwa wao na kuanzisha vijiji vya Kikristo kandokando ya misheni. Kwa maneno mengine, njia ya kutoka kwenye nyumba ya malezi iliishia uani kwa nyumba hiyo hiyo.

Wachache walitoka mbali zaidi. Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto katika eneo la mto Niger na kukombolewa na mapadre hao, alisomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, na akatibu watu huko kwa zaidi ya nusu karne. Jina lake linatajwa kila mara, na linastahili. Ila mwanahistoria anajifunza mapema kwamba nyumba ya malezi haipimwi kwa mtoto mmoja aliyefika mbali. Inapimwa kwa wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Tayari katika zama hizo kulikuwa na watu walioona kwamba nia njema haitoshi bila mtu wa nje wa kukagua. Mfano ulio wazi uko pwani. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wake akashutumiwa kwa kuwachapa na kuwafunga wakazi. Uchunguzi ukafanyika na maofisa wa Kiingereza, na msimamizi yule akaondoka. Jambo linalonigusa hapa ni mpangilio wake: mahali palipojengwa ili watu wawe huru palihitaji mtu kutoka nje kuja kuuliza kama kweli walikuwa huru. Hicho ndicho kiini cha ukaguzi wowote wa makao, hata leo. Anayetoa msaada hawezi kuwa shahidi pekee wa msaada wake.

*

Kizazi cha pili cha nyumba hizi hakikuhusu utumwa. Kilihusu ukoma.

Wajerumani, waliojenga kituo chao Mwanza baada ya Emin Pasha kufika mwaka 1890, walianzisha makumi ya vijiji vya wagonjwa wa ukoma katika koloni lao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mantiki yake ilikuwa ya kutenga: mgonjwa aondolewe kijijini, apewe shamba mahali pengine, ajilimie. Waingereza waliokuja baadaye waliendelea na makambi, mengi yakiwa mikononi mwa misheni. Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga, ambako misheni ya Africa Inland ilijenga hospitali, palijulikana Usukumani kote kwa matibabu ya ukoma. Bukumbi nayo ikaja kuwa na kambi ya namna hiyo.

Tukiwa waadilifu, tuseme kwamba kutenga watu kulikuwa na sababu zake kabla dawa haijapatikana. Lakini dawa ilipatikana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 dapsoni ilianza kutumika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likapendekeza matibabu ya dawa mchanganyiko, ambayo humponya mgonjwa kabisa. Tangu hapo hakukuwa na sababu ya kitabibu ya kumweka mtu kambini. Kisa hiki kingepaswa kuishia hapo: milango inafunguliwa, watu wanarudi makwao.

Hawakurudi. Au tuseme, wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Mtu aliyeingia kambini akiwa kijana, akapoteza vidole, akakaa miaka thelathini, shamba lake lilikwisha gawanywa na wazazi wake walikwisha kuzikwa. Kijijini alikumbukwa kwa ugonjwa wake, si kwa jina lake. Akabaki. Akaoa au akaolewa na mwenzake wa kambini, wakapata watoto wasio na ukoma, na wale nao wakazaa. Serikali nayo, ikitafuta mahali pa kuwaweka wazee wasio na ndugu, ikaona majengo yapo tayari. Ndivyo makambi kadhaa ya ukoma yalivyogeuka kuwa makazi ya wazee na watu wenye ulemavu: Bukumbi na Kolandoto kwa upande wetu, Nunge huko Kigamboni, Sukamahela mkoani Singida.

Historia hii inaeleza mambo mengi ambayo mgeni akiyaona anadhani ni uzembe wa juzi. Kwa nini makazi ya wazee yako mbali na mji, mbali na soko na ndugu? Kwa sababu yalikusudiwa kuwa mbali. Kwa nini nyumba zimepangwa kwa mistari, kila chumba mlango wake, bila ukumbi ambamo mzee anaweza kusaidiwa usiku akianguka? Kwa sababu zilijengwa kwa watu wazima waliotegemewa kulima na kujipikia, si kwa wazee wa miaka 85. Kwa nini humo mna watoto wa shule wasiotajwa kwenye bajeti ya makazi? Kwa sababu ni wajukuu wa kambi. Afisa wa leo anarithi jengo lenye nia ya zamani ndani ya kuta zake, kisha anatakiwa alitumie kwa nia mpya. Rangi mpya haiondoi nia ya zamani.

*

Sheria nazo zina nasaba yake. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria kuhusu mafukara, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuwaondoa mijini. Fukara hakuangaliwa kama mtu mwenye haki ya kutunzwa. Aliangaliwa kama uchafu wa barabarani unaohitaji kupelekwa mahali. Baada ya Uhuru lugha ilibadilika. Azimio la Arusha la 1967 lilitambua kwamba katika jamii ya kijamaa kila mtu ataishi kwa jasho lake, isipokuwa watoto wadogo, wazee, vilema na wale ambao nchi haijaweza kuwapa kazi. Mwaka uliofuata, 1968, ikapitishwa sheria ya kusimamia makao ya watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa taifa letu kusema kisheria kwamba si kila mwenye nyumba na huruma anaruhusiwa kukusanya watoto. Lazima ajulikane na akaguliwe.

Kwa wazee, dhana ilikuwa kwamba kijiji kinatosha. Na hapo ndipo Usukumani palipoingia katika janga ambalo hata leo tunalizungumza kwa sauti ya chini. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu waliokuwa wakiishi kaya mbalimbali, zilizotawanyika, na kuwaweka jirani kwa jirani. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyeandika kwa kina kuhusu mauaji ya vikongwe, anaona msongamano huo kuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea tuhuma za uchawi. Zamani, ukimshuku jirani ulihama. Sasa hukuweza kuhama. Kati ya 1970 na 1984 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi walizidi 3,000, zaidi ya nusu yao katika Mwanza na Shinyanga, na wengi wao wanawake.

Alama iliyowaua wengi ilikuwa macho mekundu. Usukumani miti ilikwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, malisho na kampeni za kufukuza mbung'o. Akina mama wakapikia mabua na samadi ya ng'ombe. Moshi wa miaka hamsini ukageuza macho ya bibi kuwa ushahidi wa mahakama isiyo na hakimu. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kulikuwa na jambo la kawaida zaidi: mjane mwenye shamba ambalo mtu mwingine alilitaka.

Hivyo kwa baadhi ya wazee wa kanda hii, makazi hayakuwa tu mahali pa wasio na watoto. Yalikuwa mahali pa kuwa hai. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo na kwamba makazi ya wazee yatakuwa hatua ya mwisho. Nakubaliana nayo. Ila sentensi hiyo inamtaka msomaji wa Usukumani atulie kidogo, kwa sababu kuna bibi ambaye hatari yake iko ndani ya familia hiyo hiyo. Kwake, hatua ya mwisho ndiyo ya kwanza.

*

Kizazi cha tatu kililetwa na maradhi mengine. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka kumi iliyofuata ng'ambo ya magharibi ya ziwa ilijaa makaburi ya watu wa umri wa kuzaa, na watoto wao wakabaki kwa bibi, kwa shangazi, au peke yao. Wengine walivuka kwa meli kuja Mwanza na kulala stendi na sokoni. Ndipo yalipotokea mashirika kama Kuleana, lililoanza Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuzungumza lugha ambayo wakati ule ilikuwa ngeni: kwamba mtoto wa mtaani ana haki, si mahitaji tu.

Makao ya watoto yakaongezeka. Fedha za nje zilikuja kwa urahisi, maana jengo lina picha nzuri na shangazi hana. Lakini takwimu za Kagera yenyewe zilikwisha kutoa onyo. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 1997 kuhusu Ukimwi, ilionyesha kwamba kumlea mtoto mmoja katika makao mkoani humo kuligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa katika familia ya kambo. Rudia hesabu hiyo taratibu. Fedha zilizomtoa mtoto mmoja kwa bibi yake na kumweka bwenini zingetosha kuwatunza watoto sita nyumbani.

Na si suala la fedha tu. Tangu John Bowlby aliandikie Shirika la Afya Duniani ripoti yake mwaka 1951, wataalamu wamejua kwamba mtoto mchanga anayebadilishiwa walezi kwa zamu huumia mahali pasipoonekana kwenye mizani ya kliniki. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwalinganisha watoto waliobaki kwenye vituo na waliopelekwa kwa familia za kambo, ukaona tofauti katika akili, lugha na uwezo wa kushikamana na watu. Na kadiri mtoto alivyohamishiwa kwa familia mapema ndivyo alivyonufaika zaidi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukatoa miongozo ya malezi mbadala inayosisitiza kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mtoto, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, na mwaka 2012 zikafuata kanuni za makao ya watoto: leseni, ukaguzi, kumbukumbu za kila mtoto, ushiriki wa afisa ustawi wa jamii. Majirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 Rwanda iliazimia kuwaondoa watoto katika vituo na kuwarudisha katika familia.

Kanuni zetu si mbaya. Ukizisoma utaona zinamjua mtoto. Ugumu uko kwa afisa ustawi wa jamii mwenye kata nyingi, mafuta kidogo ya pikipiki, na makao yanayofunguliwa kwa kasi kuliko anavyoweza kuyafikia. Akikuta makao yasiyo na leseni yana watoto arobaini, afanyeje? Akiyafunga leo, watoto arobaini wanalala wapi leo? Hapa nyumba mbaya hupata ulinzi wake: uhitaji wa watu waliomo ndani yake. Kila mkaguzi analijua hilo, na kila mwenye makao asiye mwaminifu analijua pia.

*

Kuanzia 2006 na 2007 kanda ya ziwa iliingia katika habari za dunia kwa aibu nyingine: kuwindwa kwa watu wenye ualbino. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema alifichua biashara ya waganga waliouza viungo vya binadamu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Wakati huo huo serikali ilifanya jambo ambalo lilionekana la dharura na la busara: watoto wenye ualbino walipelekwa kwenye shule zenye uzio na mabweni. Mitindo, wilayani Misungwi, na Buhangija, Shinyanga, zilizokuwa shule za watoto wasioona, zikawa ngome.

Walikuja wakiletwa na polisi, na wazazi, na wenyeviti wa vijiji. Buhangija ilifikisha mamia. Wageni waliotembelea walieleza msongamano, kitanda kimoja kikilaliwa na zaidi ya mtoto mmoja, na vifaa vichache vya kuwakinga na jua. Kwa mtoto mwenye ualbino hilo la mwisho si anasa. Kofia pana, mikono mirefu, miwani na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, ndiyo tofauti kati ya ngozi yenye afya na saratani akiwa bado kijana. Uzio ulimzuia mwenye panga. Haukulizuia jua.

Kisha ikaja shida iliyokwisha kuonekana Bukumbi mara mbili. Hatari ilipopungua, watoto hawakuondoka. Shule zilipofungwa, wenzao walikwenda likizo na wao wakabaki. Kuna waliosahau sura za wazazi wao, na kuna wazazi walioacha kuja kwa sababu nauli ilikuwa ngumu, au kwa sababu kijijini walikwisha kuzoea kutokuwa na mtoto huyo. Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, alipozuru Tanzania mwaka 2017 aliisifu nchi kwa kupunguza mashambulizi, lakini akasema wazi kwamba hali ya mabweni hayo ya muda ilibaki ya kutia wasiwasi. Neno "muda" hapo lilikuwa limekwisha kula karibu miaka kumi ya utoto wa mtu.

Mlango, katika mambo haya, si tamathali ya semi tu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera. Watoto 10 walifariki. Zaidi ya robo karne kabla yake, Juni 1994, Shauritanga huko Kilimanjaro ilipoteza wasichana zaidi ya 40 kwa moto wa bwenini. Hizo zilikuwa shule, lakini bweni la makao halina tofauti na bweni la shule. Tunaweka nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa sababu tunaogopa anayetoka nje kuja ndani. Mara chache tunafikiria aliye ndani anayehitaji kutoka nje katika dakika mbili, gizani, akiwa na umri wa miaka saba, au akiwa na miaka tisini na mguu mmoja. Mlango wa pili unaofunguka kwa nje, nondo zenye komeo la ndani, ndoo za mchanga, mlezi anayelala karibu, zoezi la kutoka mara moja kwa mwezi: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

*

Nimeandika hadi hapa kama mtu wa maktaba, lakini suala hili limo pia katika ukoo wetu. Bibi yangu mzaa baba anaishi peke yake kijijini, upande wa Magu. Macho yake ni mekundu kwa moshi. Mwaka jana, katika kikao cha familia, baba mdogo alitoa wazo kwamba kuna makazi mazuri ya wazee, tumwombee nafasi, kwa kuwa sote tuko mijini na hali ya huko kijijini anaijua Mungu. Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwani mama hana watoto?" Kikao kikawa kigumu. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye pekee aliyekuwa amesema kwa sauti kwamba bibi anaweza kuuawa.

Tulipompelekea bibi maneno hayo, alisikiliza yote. Hakuuliza kuhusu chakula wala daktari. Aliuliza, "Huko nikifa, nitazikwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nimesoma sera, sheria na kanuni nyingi, na swali la kaburi silikumbuki katika hata moja. Kwa sisi Wasukuma, na sidhani kama ni sisi tu, mtu hajahama mpaka kaburi lake limehama. Bibi alikuwa anauliza kama akiingia humo atakuwa bado ni wetu. Kwa sasa tumekubaliana akae kwa shangazi, Nyegezi, na sisi wengine tuchange kila mwezi. Analalamika kwamba mjini hakuna wa kusalimiana naye asubuhi. Si suluhisho la kudumu, na sijui tutafanyaje shangazi naye akizeeka. Familia nayo ni nyumba ya malezi, na nayo ina viwango vyake, na nayo haikaguliwi.

Sisemi makazi yafungwe. Yupo mzee ambaye kweli hana mtu, na yupo mtoto ambaye leo usiku hana mahali salama. Ninachosema ni kwamba miaka 140 ya nyumba hizi kusini mwa ziwa inaonyesha kosa moja likirudiwa na watu wenye nia njema: tunajua kumpokea mtu, hatujui kumrudisha. Mapadre hawakujua, madaktari wa ukoma hawakujua, na sisi tuliojenga uzio wa Buhangija hatukujua. Kwa hiyo ubora tumeupima kwa vile vinavyoonekana siku ya kupokea wageni: godoro, bati, bomba la maji.

Kila makao na kila makazi yana daftari la waliomo, lenye jina na tarehe ya kuingia. Ningependa mkaguzi akifika, kabla hajaonyeshwa jiko, aombe daftari hilo na atafute safu nyingine: tarehe ya kutoka, na alikokwenda. Aulize mtoto huyu alitembelewa lini mara ya mwisho, na nauli ya mama yake ni shilingi ngapi. Amuulize mzee angependa azikwe wapi, na jibu liandikwe. Kama safu hiyo iko tupu kwa miaka kumi, hata kama vyoo vinang'aa, ana jambo la kuripoti.

Kisha akague jiko.